Vibao Vilivyotamba: Kiporo au Karamu?

Katika ulimwengu wa muziki ipo biashara moja ya ajabu, nayo ni ile ya kumuuzia mtu kitu alicho nacho tayari. Nyimbo alizozinunua mmoja mmoja miaka kumi iliyopita hukusanywa, hupangwa upya, huvishwa jalada lenye picha ya kuvutia, kisha hupelekwa dukani kwa jina la vibao vilivyotamba. Naye mnunuzi hutoa fedha mara ya pili, na pengine mara ya tatu, akaondoka akifurahi. Wapo wanaoidharau biashara hiyo na kuiita kazi ya wavivu. Sisi tunaona kwamba dharau hiyo ina haraka ndani yake. Kiporo nacho ni chakula. Wali uliolala na mchuzi wa pweza, ukipashwa vizuri asubuhi, hushinda mikate mingi ya dukani. La kuuliza ni nani aliyekipasha, kwa moto gani, na kilikuwa chakula gani usiku wake.

Leo tumekusudia kuzipima santuri za namna hiyo, pamoja na ndugu zake, yaani nyimbo za wasanii wakongwe wanaorudi ulingoni baada ya kimya kirefu. Hatufanyi hivyo kwa kukosa mambo mazito ya kuandika. Bei ya unga na foleni za bandarini zingali zipo. Tunafanya hivyo kwa kuwa mwana wa Unguja ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya santuri iliyouzwa kuliko nyingine yoyote katika Uingereza, na kwa kuwa visiwa hivi vina hazina yake ya nyimbo ambayo hadi leo hukusanywa zaidi na wageni kuliko wenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi wa Februari mwaka 1976 kampuni iliyokuwa ikitoa kazi za bendi ya Eagles ya Marekani ilikusanya nyimbo 10 za miaka ya 1971 hadi 1975 na kuzitoa kwa pamoja. Mwaka 2018 mkusanyo huo ulithibitishwa kuwa umeuzwa mara milioni 38 katika nchi hiyo, ukihesabu pamoja na usikilizaji wa intaneti, ukaipita hata Thriller ya Michael Jackson. Lakini mtazame kichekesho. Wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za bendi hiyo ni Hotel California, na wimbo huo haumo! Haukuweza kuwamo, maana santuri iliyoubeba ilitoka mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo mkusanyo uliouzwa kupita kiasi uliandaliwa kabla bendi haijafika kileleni. Hapo pana funzo kwa mwenye kupima: hesabu ya mauzo hueleza tabia ya wanunuzi na ustadi wa wauzaji, na si lazima ieleze thamani ya kazi. Eagles waliuza vile kwa sababu nyimbo zile 10 hazimsumbui mtu. Unaweza kuzisikiliza ukiendesha gari, ukichambua mchele au ukimngoja daktari. Hilo si tusi, kwani muziki wa namna hiyo una haki yake. Lakini aliyezisikia zote kumi hajaijua bendi ile.

Sasa tuje kwa mtoto wa kwetu.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake akifanya kazi ya keshia katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Alipelekwa shuleni India akiwa bado mtoto, akarejea hapa akiwa kijana, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na alifariki dunia London tarehe 24 Novemba 1991. Maisha yake binafsi yamezua maneno mengi katika visiwa hivi. Hatukusudii kuyaongeza wala kuyafuta, kwani kazi iliyo mbele yetu ni kupima santuri.

Santuri yenyewe ni ile iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1981 kwa jina la Greatest Hits. Toleo la Uingereza lina nyimbo 17, kuanzia zile za mwaka 1974 hadi za mwaka 1980. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba imekuwa ya kwanza katika historia ya nchi hiyo kufikisha mauzo milioni 7, hapa pia usikilizaji wa intaneti ukihesabiwa. Tumeisikiliza upya kwa kalamu mkononi, na tuliyoyaona ni haya.

Kwanza, majina ya watunzi. Katika nyimbo 17, mpiga gitaa Brian May alitunga 5, mpiga gitaa la besi John Deacon alitunga 2, na mpiga ngoma Roger Taylor hakupata hata mmoja; zamu yake ilikuja baadaye. Nyimbo 10 zilizobaki ni za Mercury. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Watu humkumbuka kwa sauti, kwa masharubu na kwa namna alivyoshika kile kijiti cha kipaza sauti mbele ya umati, wakasahau kwamba kabla ya yote alikuwa mtunzi, aliyekaa mbele ya piano na kupanga sauti moja baada ya nyingine. Lau angekuwa bubu, nyimbo hizo zingaliweza kumtosha kuwa na jina.

Pili, ujasiri wa kubadilika. Msikilizaji aanze na Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, ambao katikati hugeuka kuwa mchezo wa kuigiza wa Kitaliano, na uliokaa juu ya orodha ya Uingereza kwa wiki tisa. Aende kwenye Somebody to Love ya mwaka 1976, ambako sauti tatu tu za wanabendi zimerekodiwa juu ya zenyewe mara nyingi hadi zikasikika kama kwaya nzima ya kanisa la Wamarekani weusi. Kisha apite Another One Bites the Dust ya mwaka 1980, kazi ya Deacon, ambayo karibu yote ni mdundo wa gitaa la besi na nafasi tupu, na iliyowafikisha kileleni Marekani. Humo humo atakuta Crazy Little Thing Called Love, iliyovaa nguo za rock and roll ya miaka ya 1950. Bendi nyingine zikibadilika hivyo hupoteza watu. Hawa hawakupoteza, na sababu yake tunadhani ni kwamba walibadilisha mavazi bila kubadilisha adabu ya kazi: kila wimbo una mwanzo uliofikiriwa na mwisho uliokusudiwa.

Tatu, mpangilio wenyewe. Santuri inafunguliwa kwa Bohemian Rhapsody na kufungwa kwa We Are the Champions. Katikati nyimbo nzito zimetenganishwa na nyepesi, mithili ya mpishi anayejua wapi aweke achari. Tena mkusanyo huu ulizifufua nyimbo zilizokuwa zimepita kimya kimya. Don't Stop Me Now ilipotoka mwaka 1979 iliishia nafasi ya 9 huko Uingereza, na hakuna aliyeipigia vigelegele kupita kiasi. Leo ni miongoni mwa nyimbo zao zinazopendwa mno. Ilikaa ndani ya mkusanyo, ikasikilizwa pamoja na wakubwa wake, mpaka watu wakaona kwamba nayo ni mkubwa. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kazi ya aina hii, na ndiyo maana hatukubali kuiita ya wavivu.

Hatuna maneno mengi juu ya sehemu ya pili, iliyotoka Oktoba 1991, wiki chache kabla ya kifo chake, ila kwamba ni nzito zaidi na ina huzuni ambayo wanunuzi wa mwanzo hawakujua sababu yake. Wimbo wa mwisho, The Show Must Go On, uliimbwa na mtu aliyekuwa mgonjwa sana. Sikio linajua hivyo hata likiwa halikuambiwa. Sehemu ya tatu, ya mwaka 1999, ndiyo iliyotufanya tukumbuke kiporo kilichochacha. Humo mmekusanywa vipande vya huku na huko: nyimbo alizoziimba Mercury peke yake, nyingine alizoshirikiana na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, na hata Another One Bites the Dust iliyorudiwa na wasanii wa rap wa Marekani. Baadhi ya vipande ni vizuri. Lakini vibao vilivyotamba ni vile vilivyotamba. Kuliazima jina hilo ili kuuzia mabaki ni kumdanganya mteja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hayo ya jalada na jina yanatupeleka kwa Bob Marley, na hapa tunawaomba wasomaji wetu, hasa wale walio katika madaraka, watuvumilie kidogo, kwa kuwa jambo ni zito kuliko linavyoonekana.

Marley alifariki dunia tarehe 11 Mei 1981. Miaka mitatu baadaye, Mei 1984, kampuni yake ilitoa mkusanyo wa nyimbo 14 uitwao Legend, ambao umekuwa santuri ya reggae iliyouzwa kuliko nyingine zote duniani. Ni santuri nzuri. Hapana nyumba iliyo na redio katika pwani hii ambayo haijasikia angalau nusu ya nyimbo zake. Lakini waandalizi walikuwa na shabaha yao. Walitaka kumfikia mnunuzi wa Ulaya na Amerika aliyemwogopa Marley wa ghadhabu na ukombozi, wakachagua kwa wingi Marley wa mapenzi, wa jua na wa amani. Mwaka 1979 Marley alikuwa ametoa santuri iitwayo Survival, ambayo jalada lake limepambwa kwa bendera za nchi za Afrika. Ndani yake mna wimbo Zimbabwe, na yeye mwenyewe aliuimba mjini Salisbury, leo Harare, katika sherehe za uhuru wa nchi hiyo Aprili 1980. Tulizipitia nyimbo zote 14 za Legend kama ilivyotoka mwaka 1984 tukitafuta wimbo mmoja kutoka Survival. Hakuna hata mmoja.

Tunasema bila kusitasita kwamba huo ni upungufu mkubwa, na si wa sikio tu. Mkusanyo ni wasifu wa mtu. Mamilioni ya vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1981 hawakumjua Marley kwa njia nyingine ila kwa ule mlango, na mlango uliwekwa upande wa bustani, usiofika kwenye uwanja wa mapambano. Wameachiwa Get Up, Stand Up na Redemption Song, ni kweli, na hizo si nyimbo za kubembelezea watoto. Lakini Afrika, aliyoiweka kwenye jalada, haikuwekwa kwenye wasifu. Yeyote anayekusanya anaamua nini kikumbukwe; na asiyekusanya ameamua vilevile, ila ameamua kwa kunyamaza.

Tugeukie sasa wanaorudi ulingoni.

Kurudi kwa msanii kuna hatari ambayo kukusanya hakuna, kwa kuwa anayerudi hana budi kushindana na kivuli chake mwenyewe. Kwa maoni yetu aliyefanya jambo hilo kwa heshima kuliko wote ni Tina Turner. Mwishoni mwa mwaka 1983, baada ya miaka ya taabu na ya kuimba katika kumbi ndogo, alitoa upya Let's Stay Together, wimbo wa Al Green. Mwaka uliofuata akaja na What's Love Got to Do with It, ukashika nafasi ya kwanza Marekani yeye akiwa na umri wa miaka 44. Siri haikuwa kujifanya kijana. Alileta sauti iliyokwaruzwa na maisha, akaiweka juu ya vinanda vipya vya umeme vilivyokuwa baridi kama barafu, na tofauti hiyo ya joto na baridi ndiyo iliyouza. Cher naye alirudi mwaka 1998 kwa Believe, akiwa na miaka 52, kwa njia iliyo kinyume kabisa: aliiachia mashine ya kunyoosha sauti ivunje sauti yake makusudi, na ile hila iliyoshangaza watu wakati ule leo imeenea duniani kote, na bongo fleva yetu haikusalimika. Hatumlaumu aliyeanza. Waliofuata ndio wenye kesi.

ABBA wa Sweden walikaa kimya tangu mwaka 1982. Mkusanyo wao wa mwaka 1992, ABBA Gold, uliwatunza hai kwa kizazi kizima; ndiyo santuri ya kwanza kumaliza wiki elfu moja katika orodha ya Uingereza, mwaka 2021. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wakatoa nyimbo mbili mpya kwa siku moja. Moja, I Still Have Faith in You, ni ya kujipongeza, nayo hututembeza polepole hadi kwenye kilele ambacho tulikwisha kukiona kwa mbali. Ya pili, Don't Shut Me Down, ni bora mara mbili: mwanamke amerudi kwenye mlango wa aliyemwacha na anaomba asifungiwe. Sauti za Agnetha na Frida zimeshuka kwa umri, na mtungaji hakujaribu kuzipandisha. Hapo ndipo palipo na ustadi. Msanii mkongwe anayekubali umri wake husikilizwa. Anayeukana huhurumiwa, na huruma haijengi orodha ya vibao.

Limebaki kundi la tatu, la wanaorudi ilhali wamekwisha kufa, na hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Novemba 2023 Beatles walitoa Now and Then, wimbo uliotokana na kanda aliyojirekodi John Lennon nyumbani kwake New York mwishoni mwa miaka ya 1970, yeye na piano yake. Wenzake watatu walijaribu kuumalizia mwaka 1995 wakaacha, kwa kuwa kelele na piano ziliimeza sauti. Miaka mingi baadaye kompyuta iliweza kuitenga sauti ya Lennon na kila kilichoizunguka, wimbo ukamalizwa, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, miaka 54 baada ya wimbo wao wa mwisho kufika huko. Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2022, Queen nao walitoa Face It Alone, wimbo uliobaki kwenye kanda za siku walizokuwa wakiandaa santuri yao ya mwaka 1989, The Miracle.

Kati ya hizo mbili sisi tunachagua ya pili. Now and Then imepambwa vinanda vya nyuzi hadi marehemu anaonekana amevishwa suti asiyoichagua. Face It Alone imeachwa karibu uchi: gitaa lenye kusitasita, ngoma chache, na sauti ya mtu anayesema kwamba mwisho wa yote kila mmoja atasimama peke yake. Si wimbo mkubwa. Ni rasimu, na waliobaki walikuwa na adabu ya kuiacha ionekane kuwa rasimu. Katika zote mbili, hata hivyo, sauti ni ya mwenyewe, aliyeiimba kwa hiari yake. Kusafisha sauti ya marehemu ni jambo moja, na kumtungia marehemu sauti ambayo hakuitoa ni jingine. Mashine za leo zinaweza hilo la pili pia, na sheria nyingi duniani bado zinatafuta viatu.

Msomaji atauliza, haya yote yana nini na sisi? Tumjibu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zile zilipigwa katika mwambao mzima. Kwa lugha ya leo, Siti alikuwa na vibao vilivyotamba kabla ya wazazi wa Mercury kukijua hata kitanda cha mtoto wao. Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti hadi zama zetu, alikuwa tayari ajuza wakati santuri yake iitwayo Zanzibar ilipotolewa mwaka 1998, na iliyoitoa ilikuwa kampuni ya London. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Mtu anayetaka mkusanyo mzuri wa vyama hivyo viwili atashauriwa na wajuzi atafute zile santuri za GlobeStyle za mwishoni mwa miaka ya 1980, nazo ni za London, au mfululizo uitwao Zanzibara ulioanza mwaka 2005, nao ni wa Paris. Ni kazi nzuri, na waliozifanya tunawashukuru kwa dhati. Waliandika maelezo, walitaja tarehe, waliheshimu wapigaji. Lakini yale tuliyoyasema juu ya Legend yanasimama hapa pia: anayekusanya hutazama mnunuzi wake, na mnunuzi wa Paris hajui Kiswahili. Kwake taarab ni fidla, udi na kanuni. Kwetu ni maneno kwanza. Wimbo ambao ulitingisha mtaa mzima kwa fumbo moja, ukajibiwa wiki iliyofuata na chama cha pili kwa fumbo kali zaidi, unaweza usipate nafasi katika mkusanyo wa kigeni kwa kuwa muziki wake ni wa kawaida. Na Pemba je? Mtu akisikiliza mikusanyo mingi inayobeba jina la Zanzibar ataondoka akidhani visiwa hivi ni kimoja.

Zipo kanda. Redio ya visiwa hivi imerekodi taarab tangu siku za Sauti ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1951, na kanda za sumaku si mawe. Unga wa chuma unaobeba sauti umegandishwa juu ya plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Katika hewa yetu ya chumvi, chumba kikikosa kupozwa na kukaushwa hata kwa msimu mmoja wa masika, kanda huanza kunata, na siku ikipigwa hubandukia kwenye mashine na kuacha nusu ya wimbo huko. Kanda kongwe zaidi hutoa harufu ya siki. Mwenye kuisikia harufu hiyo anapofungua kopo ajue kwamba anasikia wimbo ukiondoka. Kuzihamishia kwenye kompyuta si kazi ya maajabu: inahitaji mashine nzima ya zamani, fundi anayeijua, mtu mwenye subira wa kuandika nani aliimba, nani alitunga, nani alipiga, na mwaka gani. Hao wa mwisho, yaani wazee wanaoweza kutaja majina kwa kusikia tu mkono wa mpiga fidla, hawangojei bajeti ya mwaka ujao.

Jambo la malipo nalo lisiachwe nyuma. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyozaa chombo cha COSOZA. Kwa sheria hiyo mtunzi wa maneno ana haki sawasawa na mtunzi wa sauti, na haki hiyo hurithiwa. Sisi tungependa kuona mkusanyo wa kwanza wa serikali ukitanguliwa na daftari la warithi, mrabaha ukipangwa kabla ya jalada, ili mjukuu wa malenga fulani wa Ng'ambo asisikie shairi la babu yake hotelini, chini ya feni, likiwatumbuiza wageni wanaokula kamba, naye hana hata nauli ya daladala ya kurudia nyumbani. Tangu Novemba 2019 pale Shangani pana jumba la makumbusho ya Mercury, na wageni hupanga foleni. Hatuna kinyongo nalo. Kijana aliyetunga nyimbo 10 kati ya zile 17 anastahili mlango. Ila wengi wa wageni hao wakitoka hapo huuliza wapi watapata santuri ya muziki wa hapa, na mwenye duka huwatolea fulana.

Kwa hiyo tunapendekeza, na tunalipeleka pendekezo hili kwa wizara inayohusika na utamaduni na kwa wenye dhamana ya redio: mkusanyo mmoja, usiozidi nyimbo 17 kama ule wa Queen, uchaguliwe na kamati ambayo nusu yake ni wasikilizaji wa kawaida, akina mama wa vyama, wazee wa barazani na mtu wa Wete au Chake anayejua kilichopigwa harusini kwao. Maneno yote yachapishwe kwa ukamilifu, na mafumbo yasifafanuliwe mno. Nyimbo za miaka ya baada ya 1964, zenye siasa ndani yake, zisiondolewe ili kumpendeza mtalii, wala za kabla ya hapo zisiondolewe ili kumpendeza mtu mwingine yeyote. Taarab ya kisasa ya vinanda vya umeme ipewe nafasi yake, ijapokuwa baadhi yetu katika chumba hiki cha habari wamelipinga hilo kwa sauti ya juu.

Na kama kamati itatuuliza wimbo wa kufungulia, tungeomba uwe wa Siti, kutoka zile santuri za Bombay, na fundi wa kompyuta aambiwe mapema asisafishe kila kitu. Ule mkwaruzo wa sindano uachwe usikike kidogo kabla yeye hajaanza kuimba.